Futing ya asubuhi: tusimwache wa nyuma

Ukiamka mapema mjini Goma siku ya jumamosi, utawasikia mbele ya kuwaona. Viatu vinapiga lami kwa pamoja, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia, kisha watu ishirini au thelathini wanapita wakielekea upande wa Himbi: vijana mbele, mama wawili watatu katikati, na nyuma kabisa papa mmoja mwenye tumbo, anahema kama injini ya mashua. Bukavu ni vivyo hivyo, ila kule vilima vya Kadutu vinawanyamazisha waimbaji haraka. Bunia, Butembo, Uvira, Kindu, Kalemie, kila mji una watu wake wa futing.

Wengi wao si wanamichezo wa kazi. Ni walimu, wanafunzi, mafundi, wauguzi, wauzaji wa inite za simu, mama wenye duka. Wanakimbia kilomita tano, wengine kumi, wachache wanafika 21, na katika kila kundi kuna mmoja anayeota marathon nzima, zile kilomita 42 na mita 195. Makundi yao hayana ofisi wala mdhamini. Yana kundi la WhatsApp na mtu mmoja anayejitolea kuandika kila ijumaa jioni: “Kesho saa kumi na moja na nusu, palepale.”

Sisi huandika mara nyingi juu ya vita, bei ya unga na barabara zilizokatika. Leo tunaomba nafasi ya kusema juu ya makundi haya, sababu mengi yanakufa, na yanakufa kwa ugonjwa unaotibika. Hayafi kwa uchovu wa miguu. Yanakufa kwa maneno.

Tunajua jinsi inavyokwenda. Kundi linaanza na marafiki sita. Baada ya miezi mitatu ni watu themanini kwenye simu na ishirini barabarani. Siku moja mgeni, kwa furaha yake, anaandika kwamba amemaliza kilomita tano kwa dakika 42. Watu watatu wanamrudishia picha za kicheko, wa nne anaandika kwamba bibi yake anatembea haraka kuliko hapo. Mgeni hajibu. Jumamosi inayofuata hayupo, na hakuna anayeuliza. Kisha mmoja anatupa video ya maiti za vita, saa nne ya usiku. Mwingine anajibu kwa kutaja kabila. Kisha feza za jezi zilizochangwa hazina hesabu. Prezida wa kundi anakasirika, anawaondoa watu wawili bila kusema sababu, kumi wengine wanatoka kwa kuwaunga mkono, na mwisho wa mwezi kuna makundi mawili yasiyosalimiana. Ukipita ile njia ya Himbi mwezi wa tatu, hakuna kundi hata moja.

Kuna wanaosema: na hiyo ni shida gani? Mtu akitaka kukimbia, akimbie peke yake, barabara ni ya wote. Wanaosema hivyo hawajawahi kuamka saa kumi na moja asubuhi katika miji yetu. Ni vigumu kutoka kitandani bila mtu anayekungojea kwenye kona. Na ni hatari, tutafika hapo. Zaidi ya hayo, katika mji ambamo watu wanakutana kwa kilio, kwa kanisa na kwa foleni ya maji, futing ni moja ya sehemu chache ambamo mwalimu wa Majengo na motari wa Ndosho wanaitana yaya na kadogo bila mmoja kuwa mteja wa mwenzake. Kupoteza kundi la namna hiyo ni kupoteza kitu.

Basi linalindwaje? Maoni yetu ni haya: lichungwe kwa kumwangalia yule wa mwisho. Wa mbele anajitunza mwenyewe. Ana pumzi, ana viatu, ana marafiki wa kumpigia makofi. Wa nyuma ndiye anayeonyesha kama kundi ni kundi au ni mashindano yaliyovaa jezi moja.

Wenzetu wa mbali waliliona jambo hili zamani. Mjini London, tarehe 2 Oktoba 2004, watu 13 walikimbia kilomita tano ndani ya bustani iitwayo Bushy Park. Kutoka kwa hao 13 kilizaliwa kile kinachoitwa leo parkrun, ambacho kinafanyika kila jumamosi katika inchi nyingi, bila mtu kulipa chochote. Kati ya vitu vingi walivyopanga, kimoja kinatugusa: kila jumamosi mtu mmoja wa kujitolea anapewa kazi ya kutembea nyuma ya wote. Yeye ndiye wa mwisho, kwa mapatano. Kwa hiyo hata mama mwenye miaka sabini anayetembea kwa fimbo hawezi kuwa wa mwisho, sababu nafasi hiyo imekwisha kukaliwa. Ni jambo dogo sana. Halihitaji feza. Linabadilisha hali yote ya mtu anayekuja kwa mara ya kwanza akiwa na haya.

Karibu nasi zaidi, Afrika Kusini, kuna mbio za Comrades, zilizoanza mwaka 1921 kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90. Kikomo ni saa 12. Ikipita hata sekunde moja, mlango unafungwa na medali hakuna. Pale kuna desturi ambayo tungependa kuiona hapa kwetu. Mkimbiaji mzoefu anajitangaza kuwa dereva wa “basi”. Anabeba kibao cha saa atakazotumia, na watu wenye mwendo wa pole wanajipanga nyuma yake kama abiria. Dereva anawaambia wakati wa kutembea kilimani, wakati wa kunywa, wakati wa kuimba, na anajaribu kuwafikisha mbele ya mlango kufungwa. Dereva mwenyewe angeweza kukimbia haraka zaidi. Amechagua kufika na watu.

Hapa kwetu wenye mbio watasema: sisi tunafanya mazoezi, tusifungwe na wanaotembea. Wana haki. Mtu anayejitayarisha kwa kilomita 21 hawezi kila siku kwenda mwendo wa papa mwenye tumbo. Lakini kuna njia rahisi ambayo makocha wanaijua na ambayo makundi mengi yanaisahau. Mnaondoka wote pamoja kwenye barabara moja iliyonyooka. Baada ya dakika 25, firimbi inalia au kila mtu anaangalia saa yake, na wote wanageuka palepale walipofika. Wa mbele sasa wako mbali kabisa, wa nyuma wako karibu na nyumbani. Kila mtu akirudi kwa mwendo wake, mnafika pamoja, dakika 50 zimekwisha, na wenye mbio wamekimbia kilomita zao nyingi bila kumwacha mtu. Njia ya Goma kuelekea Mugunga inafaa sana kwa mchezo huo, pale usalama unaporuhusu. Siku nyingine za juma wenye mbio wajipangie yao. Jumamosi iwe ya wote.

Tulisema kwamba kumwacha mtu nyuma ni hatari, si utovu wa adabu tu. Tueleze. Jua letu linatoka karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima, sababu tuko karibu na ikweta. Kundi linaloondoka saa kumi na moja na nusu linakimbia gizani kwa nusu saa. Mbele wako ishirini, wanaonekana, wanasikika. Nyuma yuko mmoja. Motari bila taa hamwoni. Mbwa wa uani anamwona. Mwizi wa simu anamwona vizuri zaidi. Mtu mwenye silaha anayesimama kwenye kona hajui kama huyu anayekuja mbio peke yake anafanya mchezo au anakimbia kitu. Tungependa makundi yasogeze saa ya kuondoka mpaka mwanga uonekane, hata kama wafanyakazi watanung'unika. Na nguo za rangi inayong'aa, hata ile fulana ya njano ya sokoni, ni afadhali kuliko nyeusi nzuri ya kupigia picha.

Na kuna mazuku. Wakaaji wa Goma wa zamani wanayajua, lakini wageni waliofika mjini miaka hii hawajaambiwa na mtu. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini katika sehemu za chini, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea Sake na kando ya ziwa. Haionekani. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia ndani ya mashimo na mabonde madogo kama maji, na inakusanyika zaidi usiku na asubuhi mapema, mbele ya upepo na jua kuitawanya. Inaua mbuzi, inaua mbwa, imeua watu. Sasa mfikirie mkimbiaji aliyechoka, ameachwa nyuma, anaona kibonde chenye majani laini kando ya njia na anashuka kulala chini anyooshe miguu. Kila kundi la Goma linapaswa kumwambia mgeni jambo hili siku ya kwanza, mbele ya kumwambia bei ya jezi: usishuke kwenye mashimo, usilale chini sehemu usiyoijua, ukiona wadudu au ndege waliokufa pamoja mahali pamoja, ondoka haraka upande wa juu. Mtu anayekimbia na mwenzake atakumbushwa. Anayekimbia peke yake nyuma atakumbushwa na nani?

Turudi kwenye simu, sababu kundi linaishi siku moja barabarani na siku sita ndani ya simu.

Yule mgeni wa dakika 42 ndiye mtu muhimu kuliko wote katika wiki ile. Mwenye dakika 20 atakuja tu, hata mkimtukana. Kwa mgeni, neno moja la admini, “karibu sana, papa, jumamosi tutakuwa pamoja nyuma”, lina uzito kuliko ratiba nzima ya mazoezi. Tunapendekeza jambo linaloonekana la kitoto lakini linafanya kazi: kila anayeingia asalimiwe kwa jina na watu wawili ambao si admini. Na anayecheka mwendo wa mwenzake aambiwe. Aambiwe faraghani, kwa simu, na mtu anayemheshimu, yaya wake katika mbio, kwa sauti ya kawaida: “Ndugu, lile neno limemuumiza yule papa. Mwandikie.” Wengi wataandika. Kumkemea mtu mbele ya watu themanini kunamfanya ajitetee, na akijitetea wenzake wanaingia vitani, na hapo mmepoteza kumi kwa ajili ya kumrekebisha mmoja. Akirudia mara ya pili na ya tatu, atoke, na kundi liambiwe sababu kwa sentensi moja. Kuondoa watu kimyakimya ndiko kunakozaa umbeya.

Mashauri ya dawa nayo yaangaliwe. Katika makundi haya kila mtu ni munganga. Goti linauma, mtu anaandikiwa kumeza ibuprofen mbili mbele ya mbio. Dawa hiyo, ikimezwa na mtu anayekimbia kwa muda mrefu, ametoka jasho jingi na hajanywa maji, inaweza kuumiza figo. Mwenye homa anaambiwa “kimbia, jasho litaitoa”. Malaria haitoki kwa jasho. Anayehisi homa apime, atibiwe, apumzike, na kundi limngoje. Kama kuna muuguzi kati yenu, yeye ajibu maswali ya namna hii, na wengine wajifunze kunyamaza, ingawa tunajua ni vigumu kwa Mkongomani kunyamaza wakati anajua dawa.

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma, na katikati ya Februari vikafika Bukavu. Wakimbiaji walitawanyika kama wakaaji wengine. Wako waliovuka mpaka, wako waliofika Bujumbura, Kampala, Kinshasa, Beni. Wako waliobaki, na jumamosi ya kwanza hawakutoka nje, wala ya pili. Makundi mengi yalinyamaza, na yaliyobaki na sauti yalijaa video. Kila mmoja alikuwa na yake: nyumba iliyobomolewa, askari, maiti, hotuba, uvumi. Tunaelewa. Watu walikuwa na hofu na walitaka kujua. Lakini kundi la mbio lililogeuka kuwa kituo cha habari za vita halikurudi kuwa kundi la mbio. Waliokuwa na ndugu upande huu na waliokuwa na ndugu upande ule walisoma maneno ya wenzao, wakahesabu nani kaandika nini, na mpaka leo wanapishana barabarani bila kuitana.

Kwa hiyo tunasema wazi: ndani ya kundi la wakimbiaji pasiwe na siasa, pasiwe na video za vita, pasiwe na neno lolote la kabila, hata la mzaha, hata la kusifu. Tunajua watu watakavyotujibu. Watasema: mnatuomba tukimbie na kuimba wakati ndugu zetu wanakufa? Kunyamaza si kukubali? Ni swali la haki na hatuwezi kulipuuza. Jibu letu ni kwamba msiba una nafasi yake ndani ya kundi, na nafasi hiyo ni kubwa. Mwanachama akifiwa, atangaziwe, achangiwe, watu waende kwenye kilio na jezi zao kama wanataka. Mwanachama akipoteza nyumba, ahifadhiwe. Hilo ni la kundi. Lakini video iliyotumwa na mtu asiyejulikana, iliyopigwa mahali pasipojulikana, haimsaidii aliyekufa. Inamwongezea aliye hai chuki dhidi ya mwenzake wa jumamosi. Maoni ya siasa yana mahali pake pengi. Kila mmoja ana simu yake.

Na kuna sababu nyingine ya kutahadhari, kavu zaidi. Ujumbe ukishatumwa kwa watu themanini haujulikani utaishia wapi. Simu inaibwa, inapotea, inaangukia mikononi mwa asiyekutakia mema. Neno uliloandika kwa hasira saa nne ya usiku linaweza kusomwa na mtu mwenye bunduki siku ya pili, na jina lako liko pale, pamoja na ya wenzako wote.

Hiyo inahusu pia njia mnazopita. Mwezi wa Januari 2018 dunia ilishangaa kuona kwamba ramani ya Strava, ile programu ambayo wakimbiaji wanaitumia kuandikisha mbio zao, ilikuwa inaonyesha kambi za kijeshi katika inchi mbalimbali, sababu askari waliokimbia asubuhi kuzunguka kambi walikuwa wamewasha simu. Kama askari wenye mafunzo walijionyesha hivyo, dada mmoja wa Nguba anayekimbia kila siku njia moja, saa moja, na kuituma ramani yake kundini, anajionyesha zaidi. Tumeni kilomita, tumeni jasho, tumeni picha za ziwa mkirudi. Njia na saa zitajwe kwa wale tu wanaokuja, na kituo cha kukutania kibadilishwe mara kwa mara. Programu yenyewe ina sehemu ya kuficha mwanzo na mwisho wa njia. Vijana wawafundishe wazee.

Tumemtaja dada. Katika makundi mengi wanawake wanaingia kumi na baada ya miezi miwili wamebaki wawili, na wanaume wanashangaa, wanasema wanawake hawavumilii. Tumewauliza wanawake. Hawakutaja uchovu. Walitaja namba zao za simu. Mtu anaingia kundini kwa ajili ya mbio, jioni anapata ujumbe wa watu watatu asiowajua, “habari mrembo, nilikuona leo”. Walitaja maneno juu ya suruali zao za mbio, kutoka kwa wenzao wa kundi, si kutoka kwa wapita njia, ambao nao wana yao. Walitaja saa ya giza. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo haliwezi kukomeshwa na admini wenye nia. Namba iliyopatikana kundini ni ya mambo ya kundi, na anayeitumia kwa posa atoke mara ya kwanza, bila kungoja ya tatu. Kati ya admini wawepo wanawake, na si kwa ajili ya kupika chai ya mwisho wa mwaka. Wanaodhani mbio ni za wanaume wakumbuke kwamba Comrades ile tuliyoisifu iliwafungia wanawake mlango rasmi mpaka mwaka 1975, na watu weusi vilevile mpaka mwaka uleule, na kwamba Olimpiki haikuwa na marathon ya wanawake mpaka 1984. Wote walioachwa nje walikuwa na miguu muda wote huo.

Juu ya feza tutasema kwa ufupi, sababu kila mkaaji wa mji huu ameshaumwa na nyoka huyo. Kundi la kukimbia halihitaji feza nyingi. Mchango ukiwepo, iwe ni kwa jambo moja lenye jina, jezi au matibabu au gari la kwenda mashindanoni, ushikwe na watu wawili, na hesabu yake ipigwe picha na itumwe kundini siku ileile. Tangu benki zifungwe Goma, watu wanashika feza mkononi na kishawishi ni kikubwa hata kwa mwaminifu. Msiweke likelemba ndani ya kundi la mbio. Likelemba ni nzuri, lakini ikivunjika inavunjika na kila kitu kilichofungwa nayo.

Kuna wanaotuuliza kama futing ya watu wa kawaida inafaa kuandikiwa tahariri wakati mabingwa wenyewe hawana uwanja. Tunawakumbusha Kirotshe, kando ya Ziwa Kivu. Makorobondo Salukombo alikulia Marekani baada ya familia yake kukimbia vita vya inchi hii. Alirudi Kirotshe kukimbia na vijana wa pale, na mwaka 2016 alivaa rangi za Congo katika marathon ya Olimpiki ya Rio. Hakurudi akakuta uwanja wa kisasa. Alikuta barabara ya vumbi na vijana waliokubali kuamka. Bingwa anatokea mahali ambapo kwanza kuna watu wengi wanaokimbia bila kuwa mabingwa, na mahali hapo pakichafuka kwa matusi, yule kijana wa miaka kumi na tano mwenye kipaji atarudi kwenye mpira, au atakwenda pabaya zaidi.

Nani afanye kazi hii yote? Hapo ndipo tunawaonea huruma waanzilishi. Mtu mmoja anaanzisha kundi kwa moyo, na baada ya mwaka ndiye kocha, polisi, mweka hazina na mfariji. Anachoka, anakuwa mkali, na anaanza kuliita “kundi langu”. Admini wawe wanne au watano, wapokezane kila miezi, na mwanzilishi awe na ruhusa ya kukimbia tu siku nyingine bila kusuluhisha chochote. Ugomvi ukitokea, usimalizwe kwenye simu. Baada ya mbio, watu wakiwa wamekaa kwenye ukuta wanakunywa maji, jasho halijakauka, fanyeni barza ndogo ya dakika kumi. Watu waliotoka kupanda kilima pamoja hawana nguvu ya kutukanana sana.

Kwa makundi yaliyonyamaza tangu vita, mengine yameanza kurudi kwa namna mpya, na tumependa tulichokiona. Wanapanga saa moja. Aliye Goma anakimbia Goma, aliye Bujumbura anakimbia Bujumbura, aliye Kampala anaondoka saa moja mbele kwa saa ya kule, na wakimaliza kila mmoja anaandika neno moja tu: “Nimefika.” Wanasubiri mpaka wa mwisho aandike. Juma moja, mama mmoja aliandika baada ya saa mbili, inite zilikuwa zimekwisha, na watu kumi na wanne walikuwa bado wanangoja na simu mkononi.

Kwa admini atakayesoma haya, kuna kazi ya jioni ya leo. Fungua orodha ya kundi lako, tafuta majina ya wale ambao hawajaandika chochote tangu Februari ile. Usiwaondoe. Wapigie mmoja mmoja, usitume ujumbe, piga. Namba nyingine hazitapita. Hapo uliza kwa jirani au kwa ndugu yao. Na yule papa wa dakika 42, kama bado una namba yake, mwanze yeye.